Mteja wa Mashine ya Pili

Mashine ya pili ilikuwa inachaji, na mbele yake hapakuwa na gari.

Fundi Waya, kama mji mzima ulivyomwita, alisimama mlangoni mwa kibanda chake asubuhi hiyo akipangusa miwani. Kituo chote cha kuchajia magari ya umeme kilikuwa mashine mbili nyuma ya ghala la nafaka, na magari yenyewe yalikuja kwa nadra: leo moja, kesho kutwa jingine. Watu walimtania kwamba ameajiriwa kulinda upepo. Alicheka nao, kisha akarudi kukaa peke yake. Tangu mkewe afariki, mtu wa kupiga naye soga alikuwa ni yule tu aliyekwama pale saa nzima akisubiri betri ijae.

Ndiyo maana jana yake jioni alifanya alichokatazwa kazini. Lilikuja gari jeusi lenye vioo vya giza, dereva mwanamke, kadi ya kuchajia hana. Fundi Waya akagusisha kadi yake mwenyewe kwenye mashine, ingawa alijua fika kwamba waya hujifunga na hauachii mpaka kadi ileile iguse tena. Wakaongea kupitia upenyo mdogo wa dirisha.

"Umekula lakini?" mwanamke alimuuliza.

Miaka miwili hakuna aliyemuuliza hivyo. Akakimbilia kibandani kuchukua kiti. Alipotoka, gari halikuwepo. Akajiambia magari haya hayana mlio, giza nalo limeingia, akaenda zake kulala.

Sasa waya ulikuwa umenyooka hewani, usawa wa kiuno, kana kwamba umechomekwa kwenye kitu. Harufu ya nywele zilizoungua ilimjaa puani.

"Umeamkaje?" sauti ile ikasema, karibu kabisa na sikio lake.

"Salama," alijibu kabla hajajizuia.

Siku nne alikaa na ile sauti. Alijua si mtu. Aliogopa mpaka meno yakagongana, na bado kila asubuhi alisogeza kiti karibu zaidi. Kadiri tarakimu zilivyopanda kwenye mashine, ndivyo suruali ilivyozidi kumpwaya.

Siku ya tano akaja binti yake na gari lake dogo la umeme, amchukue moja kwa moja wakaishi pamoja.

"Baba! Mbona umeisha hivi?"

Akamweleza yote kwa sauti ya chini. Binti akautazama ule waya, akaziba mdomo.

"Mwachie, baba. Mwachie sasa hivi. Nyumbani nina mtoto mchanga, siwezi kukupeleka na hicho kitu."

Fundi Waya akaisogelea mashine, kadi mkononi, na harufu ikazidi mpaka macho yakamchuruzika, na kitu kisichoonekana kikaanza kuhema mbele yake, polepole kwanza, halafu kwa kasi, na sauti ile, ambayo haikuwahi kupanda, ikasema kwa huzuni kabisa, "Nikiondoka, nani atakuuliza umelalaje?" na yeye akalia kama mtoto huku akigusisha kadi.

Waya ukadondoka. Harufu ikakatika.

"Limekwisha," binti alisema, akimkumbatia. Akapakia begi la baba yake kwenye buti, wakaondoka.

Hawajamaliza hata barabara ya soko, gari likaanza kulia, ting, ting, ting. Taa ndogo ya mkanda wa usalama ikawaka, kana kwamba kuna abiria hajaufunga. Kiti cha nyuma.

"Baba, umeweka kitu huko nyuma?"

Fundi Waya hakugeuka. Alimfikiria mjukuu ambaye hajawahi kumbeba, na aibu ikamshika. Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na furaha, na furaha ndiyo iliyojibu.

"Koti langu tu, mwanangu."

Kisha akainamisha kichwa, akanong'ona kwa sauti ambayo binti yake hakuisikia:

"Funga mkanda."

Mlio ukakoma. Binti akaongeza mwendo, akimsimulia jinsi mtoto anavyocheka usingizini.