Mkalimani wa Siku

Kila asubuhi Namnyaki alimpa mumewe, Saning'o, maziwa, naye mume akateremka kwenda boma la Wadachi, yaani Wajerumani, pale Arusha. Saning'o alikuwa mkalimani wa baraza la mashauri. Watu walipoeleza mambo yao kwa Kimaasai, yeye aliyageuza kwa Kiswahili, ili Bwana Shauri, hakimu wa Kidachi, aweze kuamua.

Mapato yake yalimchanganya Namnyaki. Mwezi mmoja mume alileta rupia za kutosha, uliofuata akaleta kidogo. Safari hii alirudi mikono mitupu, na shamba lilikuwa limemezwa na magugu.

"Baba Lengai, fedha inakwenda wapi?" aliuliza. "Mbona askari jirani yetu hupata sawasawa kila mwezi?"

Saning'o aliinama. "Sijui. Nadhani nakosea maneno, nao wananikata. Naona haya kuuliza."

Namnyaki hakujua amwamini au la. Kesho yake alikwenda mwenyewe bomani, akamkuta Mika, karani wa baraza, akamuuliza kama mumewe anakatwa fedha.

"Mama, hakuna aliyemkata," Mika alisema. "Sisi wa baraza tuko namna mbili. Karani, askari na tarishi wameandikwa kwa mwezi. Shauri liwepo lisiwepo, tunalipwa. Mumeo ni wa siku. Hulipwa siku aliyotafsiri tu."

"Lakini anashinda hapa kila siku."

"Anashinda akingoja, na kungoja hakulipwi. Masika hii watu wako mashambani. Shauri la Kimaasai halijaletwa hata moja."

"Mbona hakuambiwa?"

Mika alikuna kichwa. "Nilidhani tarishi amemwambia. Labda tarishi naye alidhani mimi nimemwambia."

Jioni Namnyaki alimweleza mumewe. Saning'o hakuelewa. Akamwomba arudie, kisha arudie tena.

"Kwa hiyo sikukosea maneno?"

"Hukukosea, Baba Lengai."

Saning'o alifuta macho.

Walipatana na tarishi awe anampitia siku yenye shauri la Kimaasai. Siku nyingine zote Saning'o alishika jembe pamoja na mkewe. Mahindi yakakubali, na njaa haikuingia nyumbani.

Baada ya mavuno Mika alimwita. "Bwana Shauri anataka mkalimani wa kudumu. Utakubali?"

Zamani Saning'o angeitikia mara moja. Sasa alisimama wima, akauliza kwanza:

"Nitaandikwa kwa mwezi, au kwa siku?"

"Kwa mwezi," Mika alijibu.

"Basi nakubali."