Mistari Mitatu Ukutani

Nyieka wangu Roseline alitaka nyumba nzuri, hilo tu. Sisi wake wa ndugu wawili huitana nyieka; yeye aliolewa na Javan, mimi na Cephas mdogo wake, boma moja hapo karibu na Magunga. Ilikuwa mwaka wa sitini na nne, wakati wa kiangazi. Babake Roseline, Mzee Walter wa Asumbi, alikuwa ametuma neno kwamba Jumapili atakuja kuona binti yake anakaa namna gani. Hakupenda aolewe na mtu aliyefiwa na mke. Alishaapa: nikimkuta anakaa kwenye banda, narudi naye.

Basi Roseline akajipanga. Vitambaa vya maua alivyoshona kwa mkono wake, kimoja kwa kila kiti. Picha ya kalenda, milima yenye theluji ya watu wengine huko. Kopo la mafuta alilisugua kwa majivu likang'aa, akapanda maua ndani. Akanifundisha kwamba chumba kikiwa kidogo usipange viti kama kanisani. Vikae vikitazamana, mgeni ajisikie ameshikwa mkono. Nikacheka, nikamwambia sisi hapa mgeni tunamshika na ugali.

Ukabaki ukuta. Aliukandika udongo, kisha akachora kwa vidole vinne, matao juu ya matao kama magamba ya samaki, na chini akazungushia mkaa uliosagwa. Ulipendeza. Ungeweza kukaa tu uutazame mpaka chakula kiungue.

Asubuhi yake akaniita kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Matao yalikuwepo. Lakini kila tao lilikuwa na mistari mitatu.

"Nyieka, kama ni wivu, sema," akaniambia.

Nikamwinulia mikono yangu yote miwili, ahesabu vidole mwenyewe. Tukalowesha, tukalainisha, akachora upya. Kesho yake, mitatu. Ukuta huo ulituchosha, wajukuu wangu. Mgongo unauma, maji tunateka mbali, Alhamisi imepita, Ijumaa imepita, na hasira imetufanya tusisalimiane. Vitambaa navyo tulivikuta vimekunjwa vizuri, vimewekwa juu ya mtungi. Viti vimepangwa kama kanisani.

Jumamosi mchana tukasema leo tutaukalia macho. Mlango wazi, jua kali, sisi wawili. Akachora. Nikahesabu: minne. Nje maziwa yakaanza kufurika, tukatoka kuyaepua. Hayo tu. Tukarudi.

Mitatu. Mibichi. Maji bado yanachuruzika.

Roseline akapiga teke debe la udongo, na kelele hizo zikamleta mama mkwe. Hakuingia. Alisimama mlangoni, ameshika mwimo. Hapo ndipo nikamkumbuka Benta, marehemu mke wa kwanza wa Javan: alikatwa kidole kidogo na panga akivuna mtama, na tangu hapo kuta zake zote zilikuwa za mistari mitatu.

"Huo mkono naujua," mama mkwe akanong'ona. "Udongo ulichota wapi?"

Roseline akatazama chini. Akasema mtoni ni mbali. Akasema ile nyumba ya Benta imeshaanguka, na udongo wake ni laini, ulishakandwa na samadi, uko tu bure. Nikaufuta haraka udongo uliokuwa mikononi mwangu. Kwetu mwanamke akifa nyumba yake haiguswi. Inaachwa ianguke yenyewe, irudi ardhini pole pole.

"Basi umemleta mwenyewe," mama mkwe akasema. "Kwangua wote, mwanangu. Urudishe ulikoutoa."

Roseline akakataa. Alilia kwa hasira, kamasi na machozi, akauliza kesho baba yake akija aone nini, fito na miti? Arudishwe Asumbi kwa sababu ya marehemu? Bora mistari mitatu kuliko ukuta uchi.

Jumapili Mzee Walter akaja. Akaketi. Akapapasa kitambaa cha kiti. Akautazama ukuta, akautazama, mpaka uso wake mgumu ukalegea.

"Huu mkono ni wa nani?"

Mama mkwe akamtazama Roseline. Nami nikamtazama. Jua lilikuwa mlangoni, lakini mikono yangu iliota vipele vya baridi.

"Ni wangu, baba."

"Basi uko kwako," mzee akasema, na ile safari ya kumrudisha haikutajwa tena.

Roseline akainua birika amimine chai. Likamponyoka. Akautazama mkono wake. Kidole kidogo kilikuwa kimejikunja kiganjani. Baadaye tulikivuta, tukakisugua mafuta, tukakifunga kijiti. Hakikunyooka. Hakijanyooka mpaka leo. Na ukuta wake haukubadilika tena.

Jumatatu nilipita kwenye nyumba ya Benta. Kipande kimoja cha ukuta kilikuwa bado kimesimama, kimekaushwa na jua la miaka mitano, na yale matao yake tuliyoyazoea. Niliinama. Nikahesabu kwa kidole. Nikarudia.

Mistari ilikuwa minne.

Wa nne ulikuwa mbichi.