Mama Aliyebisha Hodi

Hawo alibisha hodi kwenye mlango wa chumba, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Binti yake, Filsan, alikuwa ndani na kompyuta mapajani, akadhani ni mgeni. Tangu azaliwe hajawahi kumsikia mama yake akibisha mlango wa mtu wa nyumbani. Hawo huingia tu, tena anaanza kuongea akiwa bado ukumbini.

"Ingia," Filsan akasema.

Mlango ulifunguka kidogo. Mama yake alisimama kizingitini na birika, macho ameyainamisha.

"Chai, madam. Pole kwa kukusumbua."

Alisema kwa Kiswahili. Hapo ndipo Filsan aliposhtuka, maana wao wawili walizungumza Kisomali siku zote. Kiswahili cha Hawo kilikuwa cha kuuzia maziwa ya ngamia sokoni Garissa, na kila p yake ilitoka b. Lakini hiyo "pole" ilitoka safi, kama ya mtu aliyezaliwa mbali na hapo.

"Hooyo, unanitania?" Filsan aliuliza kwa Kisomali, akimwita mama kama siku zote.

Hawo hakuonyesha dalili ya kuelewa. Aliweka birika chini, akarudi kinyumenyume, akafunga mlango taratibu. Chumbani ikabaki harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Filsan alikuwa meneja wa bidhaa katika kampuni kubwa ya teknolojia yenye ofisi Nairobi. Yeye ndiye aliyekuwa akiamua programu yao ya simu iongezwe nini na ipunguzwe nini. Sasa alikuwa akiwania ukurugenzi, cheo ambacho hakumjua mtu wa kwao aliyewahi kukikaribia, na alikuwa amerudi nyumbani Garissa kungoja usaili wa mwisho. Jana yake Roda, mkuu wa idara, alimpigia kwa video ili kumwandaa.

"Kwenye ngazi hiyo hawaangalii tena umetengeneza nini," Roda alimwambia. "Wanaangalia unavyojiweka. Wanataka kuona mtu mzito."

Wakati huohuo Hawo akaingia, miguu mitupu, shungi limerukiwa na maziwa, akamwekea mwanawe kikombe na kumpapasa kichwa mbele ya kamera.

"Huyo ni nani?" Roda aliuliza, akitabasamu.

"Mfanyakazi wa nyumbani," Filsan akajibu.

Jibu lilitoka jepesi, halikumkwama hata kidogo. Hawo alikuwa bado mlangoni.

Tangu ile hodi, Hawo hakukaa tena kwenye mkeka wake. Alikula jikoni, akiwa amesimama. Filsan akimwita hooyo, aligeuka kuangalia nyuma, kana kwamba anaitwa mtu mwingine. Na mchana, jua likiwa kali na mtaa mzima umejilaza, ikaja sauti ya fagio, ikianzia uani, ikapita ukumbini, ikasimama nje ya chumba cha Filsan na kubaki hapo ikikwangua sakafu isiyo na vumbi, hata Filsan akalala kifudifudi na kuchungulia chini ya mlango, akaiona miguu ya mama yake imetulia tuli na fagio limeegemezwa ukuta wa pili, ilhali ile sauti ilikuwa inaendelea, tena karibu zaidi, ndani ya chumba, nyuma ya kisogo chake, pamoja na ile harufu ya majivu mabichi.

Alitoka mbio akampigia simu Weris, mdogo wake Hawo.

Weris alifika, akaingia jikoni, akatoka haraka. "Dada yangu ananiita bibi," alinong'ona. "Nimemuuliza jina lake. Anasema hajapewa."

Baada ya sala ya alasiri wakamleta Sheikh Abdisalam, mzee mpole anayesomea wagonjwa. Walimkalisha Hawo sebuleni, sheikh akaanza kusoma. Mwanzoni Hawo alisinzia. Kisha mabega yake yakaanza kupanda na kushuka, na kinywani mwake ikatoka sauti ya kike, changa, yenye adabu sana.

"Naomba usisome, mzee. Nina kazi jikoni."

"Wewe ni nani? Umeingiaje kwa mwanamke huyu?"

"Sikuvunja mlango. Nilipita nje nikasikia akikanwa. Mwanawe alisema mbele ya mtu kwamba huyu si mama, ni mtumishi. Sisi huwachukua wasio na wenyewe."

Weris aligeuka. "Nani amesema hivyo?"

Hawo hakuwa na mtoto mwingine. Filsan alitazama mkeka, shingo yake ikiwaka moto.

"Ni mimi, habaryar," akamjibu mama yake mdogo.

Alingoja atukanwe. Weris alijifunika mdomo kwa shungi, na Filsan akaona afadhali angetukanwa.

"Nitaendelea kusoma, na Mungu ndiye mponyaji," sheikh alisema. "Lakini lile neno bado liko kule ulikolisema. Nenda ukaliondoe."

Usaili ulikuwa kesho yake asubuhi. Filsan alijiambia atampigia Roda kando, mambo yakishakwisha. Hata hapo aibu ilikuwa ikimtafutia kichochoro. Lakini kulipokucha alimkuta mama yake ameinama juu ya jiko lililozimika, akifagia majivu kwa viganja, na alipomshika mkono ulikuwa wa baridi kama mtungi.

Basi akamwongoza hadi chumbani, akamkalisha ubavuni mwake, akafungua kompyuta. Nyuso za wakubwa zikatokea, Roda miongoni mwao, na kabla hawajauliza lolote Filsan akaanza kusema, huku vidole vya baridi vikimbana kifundo cha mkono na ile sauti changa ikimnong'oneza sikioni anyamaze, madam, wanakuangalia, utaonekana mdogo, naye akaendelea, akasema kwamba huyu ni mama yake, Hawo, aliyemsomesha kwa maziwa ya ngamia, na kwamba alimwita mtumishi mbele ya Roda kwa sababu aliionea haya miguu yake mitupu na shungi lake, na kwamba aliyestahili kuonewa haya alikuwa yeye.

Roda akakunja uso, akijaribu kukumbuka.

"Pole, Filsan," alisema kwa upole. "Mimi hata sikumbuki kama kulikuwa na mtu."

Hawo akashusha pumzi ndefu. Upepo wa moto ulipita chumbani ukitokea mlangoni, na nje mbuzi wakalia na kutawanyika. Kisha ile harufu ikaisha.

"Hooyo," Hawo akamwambia mwanawe kwa Kisomali, akimwita mama kama mama wa Kisomali waitavyo watoto wao, kwa sauti yake ya siku zote, "mbona unalia mbele ya watu?"

Cheo alikipata. Roda alipompa habari, Filsan alimfuata mama yake uani na kumweleza: sasa atakuwa mkurugenzi, wakubwa wenzake huenda wakaja kumtembelea Garissa. Hawo alimshukuru Mungu, akambusu kwenye paji la uso. Kisha akayatazama mapindo ya nguo yake.

"Wakija hao wageni wako," aliuliza, "mimi nikae wapi?"

Filsan alimtazama machoni, akimtafuta yule jini, akatamani amwone. Hakuwemo. Alikuwa mama yake tu, akingoja kuambiwa.