Samaki Saba wa Ndoo

Kila asubuhi kabla ya basi la shule kufika, Darla Vickrey huwanyonyesha ndama yatima kwa chupa. Siku hiyo alikuwa na yule mdogo kuliko wote, maziwa yakimchuruzika mdomoni, alipoona pikapu mbili zimesimama kando ya kijito. Moja ilikuwa na namba za Wyoming, nyingine za Colorado. Akageuka kuzitazama. Ndama akaivuta chupa, ikaanguka matopeni.

Kijito kile hushuka kutoka Wyoming, hupita katika shamba la baba yake, kisha huingia Colorado bila kumwomba mtu ruhusa. Humo wanaishi kichwa-buluu, samaki wa asili ambao kwingineko wamekaribia kwisha. Majimbo hayo mawili yalikubaliana kuwalinda, yakajenga ukuta wa zege chini ya shamba ili samaki wageni wasipande juu.

Wiki chache nyuma, Darla na baba yake walirudi kutoka kuvua ng'ambo ya milima wakiwa na chambo hai kwenye ndoo.

"Kamwage pale kwenye uzio, nchi kavu," baba alimwambia. "Kunguru watakula."

Darla alifika kwenye uzio. Samaki wadogo weupe walikuwa wakihema ndani ya maji machache. Akasubiri baba aingie ndani, akapenya kwenye uzio, akawamwaga kijitoni.

Sasa, Darla alipofika kijitoni, Bi Ofelia, mtaalamu wa samaki kutoka Colorado, alikuwa ameinua samaki mweupe mbele ya mwenzake wa Wyoming, Bwana Haskell.

"Huyu katoka wapi kama si kwenu?" Haskell alifoka. "Nyie wa Colorado mnamwaga chambo kama mnavyomwaga kahawa."

"Kakutwa upande wa juu wa ukuta, Haskell. Juu ni kwenu. Au alipanda ngazi?"

"Huku hakuna mtu wa kufanya ujinga huo!"

"Kwangu hapana," alisema Boyd, baba yake Darla. "Hata huyu binti yangu anaijua sheria ya kutomwaga chambo kijitoni. Muulizeni."

Wote wakamgeukia.

"Naijua," Darla alisema. Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimchoma.

Haskell akavua kofia. "Basi tumwage sumu. Hatujui wamo wangapi. Wakikomaa watazaana na kichwa-buluu, watoto watakuwa machotara, mpaka wa asili waishe kabisa. Tutaokoa wachache kwenye matangi. Waliobaki tunaua wote, tunaanza upya."

"Kazi yetu ya miaka yote hii," Bi Ofelia alisema polepole.

"Unadhani mimi nafurahi?"

Shuleni mchana walipewa tambi na jibini, chakula anachokipenda Darla. Alikisukuma kando. Kila alipofumba macho aliona samaki wa kijito kizima wakielea matumbo juu.

Aliporudi, mapipa ya sumu yalikuwa yamepangwa ukingoni. Haskell na Bi Ofelia walikuwa wamenuniana, kila mmoja kwenye gari lake. Baba yake alikuwa akisaidia kuviringisha pipa la mwisho.

"Ni mimi," Darla alisema. Akamsogelea baba yake. "Baba, ni mimi. Niliwaonea huruma."

Boyd aliliachia pipa. Bi Ofelia alishuka garini mbio.

"Wangapi?"

"Saba. Niliwahesabu nikiwaaga."

"Tumeshakamata watatu. Haskell, vaa betri yako! Binti, nionyeshe ulipowamwagia."

Haskell alitangulia majini na betri mgongoni, akiyapiga maji umeme kwa fimbo, Bi Ofelia nyuma yake na wavu. Samaki walizimia na kuibuka juu. Kichwa-buluu walirudishwa majini wazinduke. Weupe watatu walitoka chini ya miti kwenye kona. Wa nne alisumbua. Jua lilikuwa limeshagusa kilima Bi Ofelia alipomnasa na kumtia kwenye ndoo.

"Tutakuja kila mwezi kuhakikisha," alisema. "Pamoja."

"Samahani kwa yale ya kahawa," Haskell alinong'ona.

"Ya kahawa yalikuwa kweli."

Mapipa yalirudishwa garini yakiwa hayajafunguliwa. Boyd alimgeukia binti yake.

"Uliniacha nikutetee mbele ya watu."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe, ila nimeumia. Sikia, Darla. Uliwahurumia saba kwa sababu uliwaona. Walio chini ya maji hukuwaona, ukawasahau. Huruma isiyofikiri huua. Na ukikosea, sema mara moja. Leo asubuhi ungeokoa mengi kwa neno moja. Jioni hii tulibakiza kidogo tu tuwaue wote." Akamkabidhi ndoo. "Haya. Malizia kazi niliyokutuma."

Darla alikwenda hadi kwenye uzio. Kunguru alikuwa ameshatua juu ya nguzo. Safari hii hakuangalia nyuma kuona kama baba ameingia ndani. Aliinamisha ndoo, akamwaga samaki kwenye nchi kavu, akabaki amesimama pale akitazama mpaka mwisho.