Kamba ya Njiapanda ya Kirumbi

Haya yalimpata rafiki yangu Katembo, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na Katembo si mtu wa porojo.

Njiapanda ya Kirumbi imetekwa na majeshi manne tangu azaliwe. Kila jeshi lilisema limekuja kutukomboa, na kila jeshi lilikuta kamba iliyotandwa barabarani na waliokimbia, likaitumia hiyo hiyo. Sheria haikubadilika: tupa ukuni mmoja wa ushuru kwenye lundo la askari pembeni, kamba ishushwe, upite.

Alfajiri ile jeshi la nne lilikuwa limeshakimbia tangu jana yake. Ukungu ulikuwa mzito, Katembo haoni hata gurudumu la mbele la chukudu yake ya mbao. Jirani yake Sifa alimfuata nyuma, gunia la makaa mgongoni. Walipofika njiapanda, kamba ilikuwa juu. Katembo akasimama, akachomoa ukuni kwenye mzigo wake.

"Yaya, kaka yangu, unamlipa nani?" Sifa akacheka. "Hao wamekimbia mpaka viatu wameacha. Umeuzoea utumwa wewe."

"Mazoea yana taabu," Katembo akajibu kwa aibu, lakini mkono ulikuwa umeshatupa.

Wakatega sikio wasikie ukuni ukigonga lundo. Haukugonga. Kimya tu, kama kitu kilichodakwa.

Kisha kamba ikashuka polepole mpaka chini. Katembo akasukuma chukudu yake mbio, akavuka. Nyuma yake akaisikia kamba ikipanda na kukazwa tena, kati yake na Sifa, ambaye hakuwa na ukuni.