Ufito wa Mzee Kalinga

Jua lilikuwa linazama Yudith alipofika karakana ya Bartolomeo, pale Kihesa, Iringa, kuchukua kigoda chake kilichokuwa kikitiwa mguu. Akakikalia kukijaribu, akaridhika. Lakini hakuondoka.

"Kaka Barto," akasema kwa sauti ya chini, "ule ufito wa baba... tuliutia kaburini kweli?"

Bartolomeo akacheka kidogo. "Si niliuleta mwenyewe?"

"Uliuleta, ndiyo. Ila sikuuona ukishuka. Mvua ile ilitukimbiza wote. Na sasa baba ananijia usingizini, kalowa chapachapa. Ananyoosha mkono tu, kama mtu anayedai chake."

Kwa watu wa mtaa ule, marehemu hapimwi kwa futi kamba. Fundi wa jeneza hulaza ufito kando ya maiti, akaukata sawa na urefu wake, na siku ya maziko ufito huo hushushwa pamoja naye, mzima. Kipimo kisipomfuata mwenyewe, wazee husema, hutafuta wa kukitosha. Bartolomeo aliyajua hayo tangu ujana. Ndiye aliyempima mzee Kalinga, baba yake Yudith, na ndiye aliyesaidia kumlaza jenezani, peku, katika koti lake la kahawia.

Akageuka kutazama nyuma ya mlango.

Hapakuwa na kitu.

Bartolomeo ni fundi hodari, hilo halina ubishi, ila karakana yake ni jaa. Kila kipande cha mbao kina kazi na hakuna kinachojulikana kimetoka wapi. Siku ile ya mvua alirudi na ufito kwenye baiskeli, akautupa nyuma ya mlango, akausahau kabisa. Baadaye akawa anamalizia kabati la ramani la Amit, mchoraji wa majengo kule Mbeya. Lilikuwa la babu yake Amit, mninga mtupu, lenye droo pana za kina kifupi za kulazia michoro bila kuikunja. Droo ya chini ikagoma. Zile reli za mbao inazotelezea zilikuwa zimelika, zikatakiwa mpya mbili, kavu, zilizonyooka. Bartolomeo akapapasa nyuma ya mlango, akapata ufito mmoja mrefu.

Akaukata katikati.

Mapacha wake, Violet na Veronika, walikuwa hapo wakichezea maranda. Akasimamisha kipande kimoja kando ya Violet. Kikalingana na utosi wake. Akasimamisha cha pili kando ya Veronika. Nacho kikalingana. "Mnaona? Kabati limewapenda hili!" akawatania, nao wakacheka mpaka wakakaa chini.

Mzee Kalinga alikuwa mrefu, mlangoni kwa watu alipita ameinama. Nusu yake ni mtoto wa miaka mitatu.

Hakumwambia Yudith. Angeanzia wapi? Kabati lilikuwa limeshapanda lori, limekwenda. Alfajiri akapanda basi la Mbeya, bisibisi mfukoni, akiwa na nia moja tu: azing'oe zile reli, azirudishe kwa mwenyewe kabla hazijapata wa kuzitosha.

Makambako, akampigia mkewe. "Tekla, watoto wako wapi?"

"Si hawa hapa wanacheza. Una nini leo, baba mapacha?"

Chimala, akapiga tena. "Usiwatoe nje. Umenisikia? Wakae ndani."

"Kwa nini lakini?"

Mwanamume gani atamwambia mkewe kwamba amewapima wanawe kwa ufito wa maiti? Akakata simu, akakaa na hofu yake, na basi likawa linajikongoja nyuma ya malori.

Alifika Mbeya jioni, baridi imeanza kuuma. Amit alikuwa anafunga ofisi.

"Aa, fundi! Umekuja tena wewe? Mzee wako si ameshamaliza?"

"Mzee... yupi?"

"Yule mrefu. Koti la kahawia. Alisema kuna kitu chake kwenye droo ya chini, akaingia, akatoka. Lakini fundi, hata ndala hukumpa? Yuko peku, nguo zinachuruzika maji. Na hapa mjini leo halijadondoka hata tone."

Bartolomeo akapiga magoti mbele ya kabati. Akavuta droo ya chini. Ikalala upande mmoja... kriii... ikaanguka sakafuni.

Reli hazikuwepo. Skrubu zote zilikuwa mahali pake, zimekazwa vilevile alivyozikaza yeye, zimeshika hewa.

Harufu ikamjia. Udongo mbichi.

Simu ikaita. Tekla.

"Baba mapacha, ndiyo nini kutuma mgeni bila kuniambia?"

"Tekla... chukua watoto. Toka. Toka sasa hivi!"

"Si ulisema nisiwatoe? Na nitamwachaje mgeni? Kalowa, masikini, nimemkaribisha jikoni apate moto. Mzee wa watu mpole. Ana vifito vyake viwili, anasema vipimo ulichukua wewe, yeye amekuja kuhakikisha tu."

"Tekla, nisikilize!"

"Hebu ona wanavyomfurahia."

Akaisogeza simu ili baba yao awasikie. Bartolomeo aliita, akaita tena, Amit akamshika bega akimuuliza kuna nini. Iringa ilikuwa mbali, safari ya kutwa nzima. Masikioni mwake watoto walikuwa wakicheka, kicheko kilekile cha kwenye maranda, wote wawili kwa pamoja.

Kisha kikabaki kicheko kimoja.