Mgeni Ndani ya Gramafoni

Jua lilikuwa limeshainamia vilima vya upande wa Rwanda mume wangu Felisiani aliponituma kwa fundi Anatory.

"Mama Kobugabe, wahi kabla giza halijaingia," aliniambia. "Taa zisipopatikana leo, watu wa harusi watacheza muziki wenye mafua."

Alikuwa anaisema gramafoni yetu. Aliinunua Bukoba baada ya mavuno ya kahawa, na mwaka ule wa 1957 hapakuwa na nyingine kama hiyo pale Ihembe. Haikuzungushwa kwa mkono. Ilitumia betri ya gari, na ndani yake zilikuwamo taa ndogo za kioo zilizokuza sauti. Sasa taa hizo zilikuwa zimechoka. Kila mwimbaji tuliyemweka alikwaruza kama mtu mwenye kikohozi, na Jumamosi tulikuwa tunangojewa harusini Bweranyange.

Nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaenda. Kobugabe alikuwa bado mchanga, shingo yake haijakaza vizuri.

Fundi Anatory alinipa taa zikiwa zimefungwa ndani ya majani makavu ya mgomba.

"Shikamoo, baba," nilisema. "Ni mpya?"

"Marahaba. Mpya zitoke wapi, binti yangu? Nimezitoa kwenye mashine ya bwana mmoja wa Nyakakika. Lakini zina nguvu kuliko mpya. Zibebe taratibu. Ukianguka, afadhali uvunje goti."

Alicheka, nami nikacheka. Nilirudi huku nimezikumbatia kifuani, mtoto nyuma, taa mbele.

Felisiani hakunawa hata mikono. Alifungua mgongo wa gramafoni, akachomoa taa za zamani moja moja, akazichomeka zile. Akageuza swichi. Zikaanza kuwaka polepole, nyekundu kama makaa yaliyofunikwa na majivu. Akaweka sahani ya santuri.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Mwimbaji alikuwa kama amesimama kwenye nyasi za sakafu yetu. Nilisikia hata akivuta pumzi.

"Umemsikia!" Felisiani alipiga makofi. "Amepona mafua! Ngoja nikamwambie bwana harusi, yuko kwa mjomba wake hapo bondeni. Usiizime. Fundi anasema taa zikihamishwa zinataka kuzoea joto kwanza. Mimi narudi sasa hivi."

Akatoa sahani, akaondoka. Mashine ilibaki inawaka bila kuimba.

Giza lilikuwa limeingia. Nilikwenda nyuma ya ukuta wa matete uliogawa nyumba kumnyonyesha mtoto. Kulikuwa kimya. Nilisikia tu mvumo mdogo wa mashine... mmmm... kama nyuki ndani ya mzinga. Na harufu ya vumbi linaloungua.

"Hodi humu ndani."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Ya upole, ila imekauka kidogo.

"Karibu," niliitikia kutoka nyuma ya matete. "Nanyonyesha, naomba unisamehe."

"Nyonyesha tu, mwanangu. Mimi ni wa ukoo wa mumeo. Nimetoka mbali, koo limenikauka."

Nilifundishwa na mama mkwe wangu kwamba mgeni hangoji. Hasa mgeni wa upande wa mume. Kahawa ya kutafuna ilikuwa karibu yangu, kwenye kikapu chake kidogo. Kifua changu kilikuwa wazi, nikaona haya kutoka. Basi nilinyoosha mkono nje ya ukuta wa matete, nikashikilia kikapu.

Kikawa chepesi.

Nikasikia kahawa ikitafunwa. Taratibu. Kwa muda mrefu.

"Asante," sauti ilisema. "Sasa nimekaribishwa."

Nilifunga kifua, nikatoka na mtoto mkononi.

Hapakuwa na mtu.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, kama nilivyoufunga Felisiani alipoondoka. Nyasi za sakafu hazikuwa zimekanyagwa. Lakini mbele ya gramafoni, kwenye kitambaa kinachofunika spika, yaliganda maganda ya kahawa.

Yalikuwa na mate.

"Kaa," spika ilisema. "Mwenye nyumba hasimami mbele ya mgeni."

Nilikaa kwenye nyasi. Nilianza kusali Baba Yetu, kimoyomoyo, midomo imefungwa. Sikuwa nimefika nusu.

"Amina," spika ikasema.

Kwetu mgeni akishatafuna kahawa yako, huna ruhusa ya kumfukuza. Atakaa mpaka aage mwenyewe. Na haondoki mikono mitupu. Nilijua hivyo, na yeye alijua kwamba ninajua.

"Unataka nini?" nilinong'ona.

"Sauti. Hii yangu imechoka. Huisikii inavyokwaruza? Mumeo amebadilisha taa zake. Na mimi nataka kubadilisha yangu."

Kobugabe alishtuka. Akakunja uso, akafungua kinywa kulia. Niliona ulimi wake mdogo ukitetemeka. Niliona machozi.

Sikusikia kitu.

Kisha kilio chake kikatokea ndani ya gramafoni.

Kilikuwa safi. Safi kuliko alivyowahi kulia mikononi mwangu. Nilimtikisa mwanangu, nikampuliza usoni, nikamwekea titi. Alikuwa analia kwa nguvu zote bila sauti, na sauti yake ilikuwa kule, kwenye kitambaa chenye maganda.

"Nimeionja tu," sauti ilisema juu ya kilio. "Ni mpya kabisa. Haijatumika."

Nilikimbilia mlangoni. Nilishika komeo.

"Ukivuka kizingiti," ilisema taratibu, "utavuka na mtoto bubu. Hii itabaki hapa."

Niligeuka. Nikatazama swichi.

"Zima," ilisema. "Nayo itazimika."

Nilibaki katikati ya nyumba yangu mwenyewe. Mlango siwezi. Swichi siwezi. Taa zile nyekundu zilinitazama kutoka nyuma ya mashine, na mwanangu alikuwa ameanza kubadilika rangi kwa kulia. Nilisikia mbwa akibweka kwa mbali, kwenye migomba ya jirani. Nilitaka kumwita jirani. Lakini ningemwita aje afanye nini? Mgeni alikuwa wangu.

"Mrudishie," nilisema. "Mrudishie mtoto wangu sauti yake."

"Mgeni hajichukulii. Hupewa. Nipe hii, au nipe nyingine. Useme mwenyewe."

Nilimtazama Kobugabe. Alikuwa hajawahi kutamka neno hata moja. Hajaniita mama.

"Chukua yangu," nilisema.

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho.

Koo langu lilipata baridi, kama nimemeza maji ya kisimani asubuhi. Kobugabe akapiga yowe mikononi mwangu, yowe la kweli, la karibu, lenye joto. Nilimkumbatia nikalia. Nililia kama yeye alivyolia kabla, bila sauti.

"Asante, dada," gramafoni ilisema. "Naaga."

Iliniaga kwa sauti yangu.

Felisiani alirudi akanikuta kwenye nyasi. Alidhani ni homa. Akanipeleka zahanati, mganga akaniangaza kooni kwa tochi, akasema koo ni zima. Nilimwandikia mume wangu yote kwenye kibao cha shule. Alisoma, akafuta kwa kiganja.

"Umechoka, mama," alisema. Lakini alikwenda kwa Anatory kuuliza taa zilitoka kwa nani. Alirudi amebadilika uso. Yule bwana wa Nyakakika aliiuza mashine kwa sababu ilimkumbusha msiba. Mkewe, Eustadia, mwanamke mwenye maneno mengi na mzaha, alinyamaza ghafla jioni moja wakati wa masika. Hajasema tena. Hakuna anayejua kwa nini. Ana mtoto mdogo.

Hata hivyo Felisiani alikuwa ameshatoa ahadi, na tulikwenda Bweranyange. Waliiweka gramafoni chumba cha ndani ipate joto kabla ya kucheza. Mimi nilikuwa uani, namenya ndizi na wanawake wengine.

"Mke wa Felisiani, mbona unatunyima maneno?" Adelgunda, shangazi wa bwana harusi, alinitania. "Umeyaacha Ihembe?"

Wakacheka. Ndipo nikajisikia nikibisha hodi.

Nilikuwa uani, na sauti yangu ilikuwa ndani ya nyumba.

"Karibu," alijibu Placidia, dada wa bwana harusi. "Namlaza mtoto, samahani."

"Mlaze tu, mwanangu. Nimetoka mbali..."

Nilitupa kisu. Niliwaruka wazee waliokuwa wanakunywa rubisi, pombe ya ndizi. Nilimkuta Placidia amegeuza mgongo, mkono mmoja juu ya mtoto, mwingine umenyoosha kikapu cha kahawa kuelekea gramafoni. Nilikipiga teke. Kahawa ikamwagika kwenye nyasi.

"Una wazimu?" Placidia alipiga kelele. "Unamwaga kahawa ya mgeni?"

Nilionyesha mashine kwa kidole. Nilionyesha kinywa changu. Watu walijaa mlangoni. Hakuna aliyeelewa.

Gramafoni ilivuma... mmmm... kisha ikacheka kidogo. Ni cheko langu, lile la kuficha meno. Waliokuwa mlangoni walidhani ni mimi.

Felisiani aliona aibu kubwa. Siku ileile aliiuza gramafoni kwa mpita njia mwenye lori aliyeisifu sauti yake. Hakumwuliza jina. Wengine wanasema lori lilielekea Kyerwa, wengine wanasema lilikata njia ya Nyakakika.

Kobugabe sasa ananiita mama. Huwa namwitikia kwa kumshika shavu.

Kwa hiyo naandika. Wewe unayenyonyesha jioni, peke yako, mume hayupo. Ukisikia hodi ya mwanamke kijana, mpole, mwenye adabu, toka kwanza umtazame. Usipoona mtu, usijibu. Hata akikuomba maji. Hata akilia.

Ni sauti yangu. Usinikaribishe.